Pombe Isiyoonjwa

Kimironko, pembeni mwa Kigali, miaka ile migomba ikiwa bado mingi kuliko mabati, hakuna aliyekunywa pombe ya Mukantwari kabla ya Mukantwari mwenyewe. Ndivyo desturi ilivyotaka kwa kila mpika pombe ya ndizi: ainame juu ya mtungi mbele ya wageni, avute mrija funda moja, ameze, kisha asimame wima watu wamwone kwamba yu mzima. Watu wa Kigali wanaogopa sumu kuliko moto. Mtu yuko radhi ashinde na kiu nyumbani kwa shemeji yake kuliko kugusa kikombe kilicholetwa bila kuonjwa. Kwa hiyo aliyepika huonja kwanza, na akishaonja, mdomo wake ndio dhamana ya wote.

Mdomo wa Mukantwari uliaminika sana. Alikuwa mjane wa dereva wa malori ya Mombasa, mwanamke mnene wa sauti nzito, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Marehemu alimwachia nyumba ya vyumba viwili, Kiswahili cha barabarani, na hori la mti la kukamulia ndizi. Mtoto hakumwachia. Mtoto pekee aliyekuwa naye alimpata kanisani: Gaju, binti wa jirani yake Ndayisaba, fundi mwashi, ambaye mkewe alifariki akijifungua. Mukantwari ndiye aliyemshika Gaju siku ya ubatizo. Padri alipouliza kama mtoto anamkataa Shetani na mambo yake yote, yeye alijibu kwa niaba yake kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi la mwisho wageuke. Tangu alipojua kusema, Gaju alimwita Mama Batisimu, na akawa anashinda kwake kuliko kwao.

Kazi ya Gaju ilikuwa kumenya ndizi zilizoivishwa shimoni. Alikuwa msemaji huyo! Alimenya huku akisimulia habari za shule, za mbuzi wa jirani, za ndoto aliyoota na nyingine aliyoitunga papo hapo, na Mukantwari akimwambia kila mara, "Gaju, mdomo wako utachakaa kabla hujaolewa." Mtoto alicheka akaendelea. Basi Jumamosi moja ya Majilio, mwaka wa pili wa vita vya kaskazini, alipomenya ndizi nusu shimo bila kutoa neno, Mukantwari aliacha kukamua akamtazama.

"Mutoto, iko mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi sema. Umenyamaza hivi, nitafikiri umekufa."

Gaju aliendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mama Batisimu, kwa mafundisho mimi siende tena."

Mafundisho ya komunyo ya kwanza yalikuwa kila Jumamosi alasiri katika kigango chao cha Mtakatifu Ana, na aliyeyafundisha alikuwa katekista Silvère. Hapo kila mtu angeshangaa. Silvère alikuwa mtu wa kutegemewa kuliko wote pale mtaani. Aliimba vizuri, aliwatembelea wagonjwa, alichimba makaburi ya watu wasio na ndugu. Wakimbizi wa vita walipoanza kuteremka kutoka Byumba na mafurushi vichwani, yeye alitoa blanketi la kitandani kwake. Wazazi waliona fahari akimtaja mtoto wao kwa jina. Tena alikuwa na utaratibu wa kuwabakiza watoto mmoja mmoja baada ya mafundisho, kule sakristia, chumba cha nyuma ya altare, ili awasikilize sala zao, na mtoto aliyebakizwa mara nyingi alionekana kuwa na bahati.

"Kwa nini usiende?"

"Anafunga mlango."

Mukantwari alijifuta mikono kwenye kitenge. Aliuliza swali moja tu tena, polepole, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Gaju akamjibu kwa neno moja, na neno hilo Mukantwari hakulirudia kwa mtu yeyote maisha yake yote. Alimvuta mtoto kifuani, mikono ya wote wawili ikinata maji ya ndizi, akamwambia, "Mimi niko. Umesikia? Mimi niko. Hatakugusa tena." Alisema hivyo kwa hakika yote aliyokuwa nayo, na mtoto akamwamini.

Neno lile lilipotoka kwa Gaju lilikuwa zima. Lilipotoka kwa Mukantwari kwenda kwa Ndayisaba likapungua, kwa kuwa ni vigumu mwanamke kumkazia mwanamume macho na kumwambia jambo kama lile juu ya binti yake, akasema, "Anamshikashika mutoto." Ndayisaba, mtu mpole, mwenye haya, asiyeweza hata kudai kazi yake isifiwe, alilifikisha kwa Mzee Bayingana, mwenyekiti wa jumuiya, likiwa "anamsumbua". Naye Bayingana alipowaeleza wazee wenzake likawa "amekuwa mkali mno kwa mtoto". Lilifika kikaoni limekonda, limevaa nguo safi, kila mtu anaweza kulitazama bila kuona haya.

Wiki moja kabla ya Noeli, Bayingana alimjia Mukantwari kuagiza mtungi mkubwa.

"Kuna maneno ya kumaliza," alisema.

"Ya Silvère?"

"Ya Silvère. Amekubali kosa. Anatoa pombe ya kuomba radhi, kama mutu mzima."

Moyo wa Mukantwari ulifurahi, hakuna haja ya kuficha. Alikuwa ameogopa kwamba mtu yule angekana, kwamba mtoto angeitwa mwongo. Sasa amekubali! Katika akili yake, mtu akikubali kosa kama lile, mengine yanafuata yenyewe: ataondolewa kwenye mafundisho, ataomba msamaha, watu watamsamehe, na watoto watafundishwa na mwingine. Aliona hayo yote kama kitu kimoja, jinsi mtu anavyoona mlango na bawaba zake. Hakufikiria kuuliza. Aliivisha ndizi vizuri, akachoma mtama mwenyewe wa kutia ndani, akachuja mara mbili.

Walikusanyika kwa Bayingana, kwenye ua uliozungushiwa ile minyaa ambayo Wanyarwanda huita miyenzi. Silvère alipiga magoti juu ya udongo mtupu. Alisema amemkosea mtoto wa Ndayisaba kwa ukali wake, amemkosea baba yake, ameikosea jumuiya. Alitokwa na machozi. Watu wakaguna kwa huruma, na mama mmoja akasema si wengi wenye moyo wa kujishusha namna ile.

"Mama Mukantwari," akaita Bayingana, "tufungulie."

Akainama, akavuta mrija, akameza. Ilikuwa pombe nzuri, hata yeye aliisikia hivyo. Akasimama wima. Silvère akauchukua mrija uleule, akanywa; kisha Ndayisaba akaupokea, akautazama kidogo, akanywa. Watu wakapiga makofi. Wakanywa wote mpaka mtungi ukaanza kukoroma chini.

Walipokuwa wakitawanyika, Mukantwari alimsogelea Bayingana. "Muzee, sasa watoto watafundishwa na nani?"

"Kufundishwa nini?"

"Mafundisho. Jumamosi."

Bayingana alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua litatokea wapi. "Silvère. Nani mwingine? Si tumemaliza, mama? Si weye mwenyewe ndiye umetufungulia?"

Hapo ndipo Mukantwari alipoelewa alichokunywa. Pombe ya kuomba radhi ikishanyweka, jambo limekufa na limezikwa. Kulitaja tena ni kuitapika mbele ya watu, na hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo. Alirudi nyumbani akitembea taratibu, na kila aliyempita alimsifu kwa pombe.

Aliyaona mabaya zaidi mwezi wa kwanza. Jumamosi, saa ya mafundisho, alimwona Ndayisaba akipita njiani na Gaju. Amemshika mkono. Mtoto amevaa gauni la bluu, amechanwa nywele, anatazama chini. Mukantwari aliacha kila kitu akatoka mbio hadi barabarani.

"Ndayisaba! Unampeleka wapi?"

"Kwa mafundisho."

"Kwa yule?"

Ndayisaba alimwambia mtoto atangulie. Mtoto akatangulia, hatua ndogo ndogo. "Nifanye nini, mama?" alisema Ndayisaba, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeshakunywa. Mutoto wangu peke yake asipoonekana, watasema nilikunywa kwa mdomo, moyoni iko na kinyongo. Watasema nimemdanganya Mungu. Mimi nilisamehe. Sasa nioneshe namna gani kama nilisamehe?"

"Onesha kwa mwili wako! Kamsalimie, kamjengee ukuta bure! Si kwa mtoto!"

"Maneno iko imekwisha, mama." Akaondoka. Alitembea upesi kumfikia binti yake, na Mukantwari akabaki barabarani na mikono yake michafu. Alilia kwa hasira palepale mbele ya wapita njia. Ndayisaba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake, na alikuwa anampeleka ili aonekane Mkristo.

Tangu siku ya kikao Gaju hakuja tena kumenya ndizi. Mukantwari alidhani ni aibu, watoto huona aibu kwa makosa ya wakubwa. Alimwita kwa jina ng'ambo ya ua, mtoto akaingia ndani. Alimpelekea karanga, akazikuta kesho yake palepale kizingitini, zimeliwa na kuku. Akajiambia atampa muda. Kwanza amtoe mle sakristia, halafu wataongea.

Alikwenda parokiani. Paroko alikuwa kijana aliyezeeka ghafla. Uwanja wa kanisa ulijaa wakimbizi, kuna mwanamke alikuwa akijifungua nyuma ya jiko, na kila dakika mtu aligonga mlango. Hata hivyo alimsikiliza. Alikuwa amekwisha kusikia habari hiyo, alisema, Mzee Bayingana alimjulisha kwamba jumuiya ilikaa, mkosaji akaomba radhi, wakapatana.

"Padri, sikuja kumfunga. Nataka asikae na watoto. Tu."

"Mama, wameshapatana. Unataka niwafungulie kidonda? Nchi nzima inapigana, wewe una watu waliopatana na unataka wagombane tena?"

"Kumsamehe sawa. Lakini awaache watoto."

"Msamaha wenye masharti ni msamaha gani?" aliuliza paroko, na hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu lililo karibu. Mukantwari akaaga akatoka. Jibu lilimjia akiwa amefika nusu ya mteremko, maneno mazuri kabisa, marefu, na hapakuwa na wa kuyasikia isipokuwa mbuzi.

Akajaribu njia yake. Jumamosi alichukua ungo wa maharage akaenda kuketi kwenye kizingiti cha kanisa wakati wa mafundisho, akichambua. Silvère alikuja kumsalimia kwa heshima zote, akamwambia kwamba watoto wanashindwa kutulia mtu mzima akiwatazama. Mukantwari alijibu kwamba maharage yake hayapigi kelele. Jioni ile Bayingana alifika kwake na wazee wengine, wakamweleza kwamba anamtukana mtu aliyesamehewa, na kwamba akiendelea, jumuiya itaomba pombe kwake yeye, ya kuomba radhi. Alicheka kwa uchungu. Sasa yeye ndiye atakayepiga magoti! Jumamosi iliyofuata alikuta mlango wa kanisa umefungwa kwa ndani.

Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita. Siku ya komunyo ya kwanza ikakaribia, na likatangazwa jambo lililomkosesha usingizi. Kabla ya komunyo watoto watakwenda mafungo parokiani. Watalala huko siku mbili, ukumbini, juu ya mikeka, na wa kuwaangalia ni mwalimu wao. Gaju alikuwemo, na Kaliza wa Mukasine, na wengine wa mtaa mzima. Kwa heshima ya safari hiyo, na kwa kuwa Silvère alikuwa ametumikia miaka mingi bila kupumzika, jumuiya itamfanyia karamu ndogo kwenye uwanja wa kigango kabla hawajaondoka. Bayingana akaja kuagiza mtungi.

Mukantwari alifikiri kukataa. Lakini angekataa, wangeagiza kwa mwingine bondeni, mwingine angeonja, na watoto wangeondoka na mikeka yao vilevile. Alimtazama Bayingana akasema, "Nitapika."

Alipika kama hajawahi kupika. Wakati wa kukamua alikuwa anaongea peke yake, anajibishana na paroko, anajibishana na Ndayisaba, anamwambia Gaju maneno ambayo Gaju hakuwepo kuyasikia. Aliogopa. Mwanamke mjane, asiye na mtoto, anayeishi kwa pombe, ana nini zaidi ya mdomo wake? Akiuharibu, atakula nini? Alijua pia kwamba akisimama kueleza, wataona anaitapika ile pombe, watamzomea kabla hajafika katikati, na akisukumwa sana atalazimika kumtaja mtoto. Hilo hakulitaka hata kidogo. Gaju alikuwa ametajwa vya kutosha.

Siku yenyewe jua lilikuwa zuri. Wanawake walipika viazi na maharage, kwaya ikaimba. Watoto walikaa pembeni kwa safu, kila mmoja na mkeka uliokunjwa magotini. Gaju alikuwa wa mwisho. Silvère alipewa kiti chenye kitambaa cheupe. Mtungi ukawekwa katikati, mrija ukachomekwa, na Bayingana, aliyevaa koti lake la harusi, akainua mkono.

"Mama Mukantwari, tufungulie."

Akasimama mbele ya mtungi. Harufu ya pombe ilimpanda puani, tamu. Akaweka mikono nyuma.

"Siionji," alisema.

Watu walidhani wamesikia vibaya. Bayingana akatabasamu. "Mama, watu iko na kiu."

"Nimesema siionji."

Kelele zikakatika uwanja mzima. Waliokuwa karibu na mtungi wakarudi nyuma, na mama mmoja akamvuta mwanawe kwa nguvu hadi akaanguka. Pale Kigali hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mpika pombe anayekataa pombe yake.

"Umetia nini humo ndani?" aliuliza Bayingana.

"Ndizi na mtama."

"Basi onja!"

"Hii haina kitu. Yenye sumu ilikuwa ile ya Noeli." Sauti yake nzito ilisikika mpaka barabarani. "Nayo niliionja mimi. Nilisimama mbele yenu wima, mkaniona mzima, mkanywa. Mliniamini mimi. Leo narudisha mdomo wangu. Ile niliyowafungulia, sasa naifunga. Huyu mtu asamehewe na Mungu, asamehewe na paroko, asamehewe na kila anayetaka, lakini asilale na mtoto wa mtu. Mwenye macho ameona. Mwenye mtoto nyumbani anayekojoa kitandani na zamani hakuwa anakojoa, huyo amenisikia."

Wakaanza kupiga kelele. Mwendawazimu! Mchawi! Mzee mmoja alisema wamfunge kamba. Silvère aliketi vilevile kwenye kitambaa chake cheupe, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza uso wake haukupata cha kuonesha. Hakuwa na machozi. Alikuwa anawatazama watoto kuona nani ataongea.

Hakuongea mtoto. Aliyeinuka ni Mukasine, mwanamke mkimya, muuza sabuni, ambaye watu walikuwa hawajawahi kumsikia mkutanoni. Alikwenda hadi kwenye safu ya watoto, akauchukua mkeka wa Kaliza akautia kwapani, akamshika Kaliza mkono, wakaondoka. Hakugeuka nyuma. Baada yake akaondoka mwingine. Kisha baba mmoja, kisha wanawake wawili kwa pamoja. Hakuna aliyemtazama Mukantwari, na hakuna aliyemtazama Silvère. Kila mmoja alishughulika na mkeka wake. Bayingana aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na sauti yake ikawa inapungua.

Mwishoni safu ilikuwa na mtoto mmoja.

Mukantwari alimtafuta Ndayisaba kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la wazee, ameinama, viwiko juu ya mapaja, anatazama mikono yake ya uashi. Hakuinuka. "Ndayisaba," alimwita, kwa upole kuliko alivyowahi kumwita. Hakuinuka. Alikuwa amekunywa, naye ni mtu wa neno lake.

Gaju alimtazama baba yake kwa muda. Kisha akasimama mwenyewe, akauweka mkeka kichwani, akavuka uwanja mtupu peke yake. Alipita karibu na mtungi, karibu na Mukantwari, bila kuinua macho, akashika njia ya nyumbani.

Mafungo hayakufanyika. Pombe ilimwagwa kwenye mfereji, na kwa miezi watu walionesha majani yaliyonyauka pale kama ushahidi, ingawa yalikuwa majani ya kiangazi kama mengine. Wateja wa Mukantwari wakamhama wote, hata wale walioondoka na mikeka. Ukimwuliza yeyote angekwambia hana ugomvi naye, ni tumbo tu halijisikii vizuri siku hizi. Watoto walipata komunyo baadaye, wakiwa wamefundishwa na sista mzee aliyewapiga fimbo na kuacha mlango wazi. Naye Silvère hakuadhibiwa. Paroko alimhamishia kigango kingine, ng'ambo ya bonde, upande wa Batsinda, kwa sababu huko, walisema, mwalimu alihitajika.

Mukantwari aliposikia hivyo alivuka bonde kwa miguu akawafuata wanawake wa kule kisimani. Aliwaambia. Wawili watatu walimsikiliza wakiwa wameshika ndoo zao. Mwingine akauliza, "Si weye ndiye ule mwenye sumu?" na wakacheka wakaondoka. Akarudi tena wiki nyingine, na nyingine. Kule hakuwa na mtungi wa kukataa.

Gaju alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Mukantwari alikuwa uani anakamua ndizi chache za kwake mwenyewe, maana hakuna tena wa kumpikia, akasikia mtu amesimama nyuma yake. Mtoto alikuwa amerefuka. Gauni la bluu lilikuwa limepanda juu ya magoti.

Mukantwari hakuthubutu kumkumbatia. Aliharakisha kuchukua kikombe cha bati, akachota umutobe, yale maji matamu ya ndizi yasiyokuwa pombe bado, ambayo Gaju aliyapenda tangu meno ya kwanza. Kwa mazoea ya maisha yake yote akaonja kwanza, akafuta ukingo kwa kitenge, akampa.

Gaju alikishika kikombe kwa mikono miwili akatazama ndani.

"Kunywa, mwanangu. Nimeshaonja."

"Nimeona," alisema Gaju. "Hata kwa Muzee Bayingana niliona. Nilijificha kwenye miyenzi. Weye ulionja kwanza. Halafu yeye akakunywa. Halafu Papa."

Mukantwari alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema: kwamba hakujua, kwamba alidhani mtu yule ataondolewa, kwamba alikwenda kwa paroko, kwamba amepoteza riziki yake. Yote yalikuwa kweli. Aliyatazama maneno hayo yote na kumtazama mtoto, akaona hakuna hata moja la kumfaa.

"Ndiyo," alisema. "Nilionja."

Gaju aliinama, akakiweka kikombe chini taratibu ili kisimwagike. Akavuta kigoda, akachukua ndizi iliyoiva, akaanza kumenya kwa kidole gumba kama zamani, bila kusimulia chochote. Mukantwari akapiga magoti upande wa pili wa hori, akamenya naye, machozi yakimdondokea mikononi na yeye akiyaacha. Kikombe kilibaki pale chini kati yao, na nyuki wakaanza kukizunguka.